KUTOKA IKIBIRI HADI SHIRIKA: HISTORIA FUPI YA WACHORA RAMANI WA KUJITOLEA, NA FUNZO LAKE KWETU



Kamati imeniagiza niandike makala ya historia kwa ajili ya toleo hili la kumbukumbu. Wengi walitazamia niandike juu ya safari yetu, jinsi tulivyovuka mto Rusizi na kupokelewa hapa Burundi. Habari hiyo imeandikwa na wengine, tena vizuri. Mimi nimechagua kuandika juu ya ramani moja iliyopotea.

Wazee wa kambi mnaikumbuka. Vijana watano walizunguka kambi yote kwa miguu, wakiwa na kamba ya kupimia, daftari na kalamu. Walihesabu mabomba ya maji, vyoo, mitaro, mipaka ya kila mtaa na njia ya kwenda zahanati. Mimi nilishika upande mmoja wa kamba kwa siku mbili. Mwishowe wakachora ramani nzuri juu ya kadibodi kubwa ya boksi la mafuta. Hawakulipwa chochote. Kadibodi ile ikatunzwa chini ya godoro la mmoja wao.

Siku moja jina la kijana yule likatoka katika orodha ya wanaohamishiwa nchi ya tatu. Gari likaondoka alfajiri. Tulifurahi kwa ajili yake na tukalia, kama ilivyo desturi. Baada ya miezi mingi, wageni wapya walipoletwa na tukaulizwa maji yako wapi na nafasi iko wapi, ndipo tukaitafuta ramani. Haikuonekana. Wenzake wanne nao walikwisha tawanyika. Tukaanza upya, kamba mkononi.

Swali langu ni hili: kazi ya watu wanaojitolea inawezaje kuendelea wakati wenyewe wameondoka? Swali hilo limewasumbua watu wengi duniani, na baadhi yao wamelijibu. Tuangalie walivyofanya.

RAMANI ZA ZAMANI NA WENYE NAZO

Hapo kale ramani ilikuwa mali ya mtawala. Sisi watu wa bonde la Rusizi tunalijua jambo hilo katika miili yetu. Mwaka 1910, katika mji wa Brussels, wajumbe wa Ujerumani, Ubelgiji na Uingereza walipatana juu ya mipaka ya eneo la Kivu, na Rusizi ukathibitishwa kuwa mpaka. Wavuvi na wafugaji waliokuwa wakivuka mto huo asubuhi na jioni hawakuulizwa. Tangu hapo, mtu anayekimbia vita akivuka maji yale hubadilika jina: ng'ambo aliitwa mwananchi, huku anaitwa mkimbizi.

Mji wa Bujumbura nao ulianza kuchorwa kwa namna hiyo. Wajerumani waliweka boma lao la kijeshi hapo mwishoni mwa karne ya 19, wakati mji ukiitwa Usumbura. Wabelgiji waliowafuata waligawa mji katika sehemu za Wazungu, za Waasia na za Waafrika. Hata leo mtu akienda Buyenzi, karitiye ya Waswahili, atakuta avenyu zimepangwa kwa mistari na kupewa namba. Mtawala alitaka kujua nani anakaa wapi. Mkazi mwenyewe hakupewa nakala.

Baada ya uhuru wa mwaka 1962, ramani zikawa kazi ya serikali, na mpaka leo Taasisi ya Jiografia ya Burundi, IGEBU, ndiyo yenye dhamana hiyo pamoja na ile ya kupima mvua na mito. Lakini mji hukua haraka kuliko ofisi. Pembezoni, upande wa Kinama, Buterere na Gatunguru, watu walijenga kabla namba hazijafika.

WATU WA KAWAIDA WASHIKA KALAMU

Mwaka 2004 kijana mmoja wa Uingereza, Steve Coast, alianzisha kazi iliyoitwa OpenStreetMap, yaani ramani ya barabara iliyo wazi. Wazo lake lilikuwa jepesi. Ramani za serikali ya kwao ziliuzwa kwa bei kubwa. Basi yeye na wenzake wakaanza kutembea na kuendesha baiskeli wakiwa na vifaa vya GPS, wakarekodi njia walizopita na kuziweka katika ramani moja ambayo kila mtu anaweza kuiongeza, kuisahihisha na kuitumia bila malipo.

Kwetu Burundi wazo hilo lina jina la kale. Linaitwa ikibiri: majirani wanakutana na majembe, wanalima shamba la mmoja, kesho la mwingine, hakuna anayedai ujira. Tofauti ni kwamba shamba hili lilikuwa dunia nzima.

Lakini ikibiri ya dunia nzima ina matatizo yake. Nani analipa umeme wa mitambo inayohifadhi ramani? Mtu akishtaki, anamshtaki nani? Mtu akitoa mchango, anampa nani? Kwa sababu hiyo, mwezi wa Agosti 2006, miaka miwili tu baada ya kuanza, wakaandikisha chombo rasmi Uingereza kiitwacho OpenStreetMap Foundation. Kina wanachama, kina bodi inayochaguliwa na wanachama, kina hesabu zake.

Hapa, ndugu, pana jambo la kuzingatia. Chombo hicho kilijiwekea mpaka tangu mwanzo: kazi yake ni kuisaidia ramani, wala si kuitawala. Kinatunza mitambo, kinalinda jina, kinakusanya ada na michango. Hakimwambii mtu wa Kinama achore nini. Katiba nzuri inaeleza kiongozi atafanya nini. Katiba bora zaidi inaeleza pia hatafanya nini.

Hata hivyo walikosea mahali pamoja, na kosa hilo liliwagharimu. Masharti ya kwanza juu ya nani anaruhusiwa kutumia ramani na kwa namna gani hayakufaa vizuri kazi ya ramani. Walipoamua kuyabadilisha, iliwabidi wamwombe kila mchoraji akubali upya. Kazi hiyo ilichukua miaka, ikamalizika mwezi wa Septemba 2012. Michoro ya waliokataa, na ya baadhi ya wale ambao hawakujibu, ikabidi iondolewe. Funzo: masharti ya mali ya pamoja yaandikwe mapema, wakati watu bado ni wachache na wanapendana.

HAITI, KIBERA NA TANDALE

Tarehe 12 Januari 2010 tetemeko la ardhi liliangusha mji wa Port-au-Prince, nchini Haiti. Waokoaji walifika bila ramani inayofaa. Mamia ya watu wa kujitolea katika nchi mbalimbali, wakitazama picha zilizopigwa kutoka angani, wakachora barabara na majengo ya mji ule katika muda wa siku chache, na waokoaji wakaitumia kazi yao. Mwaka huo huo wachoraji hao wakaandikisha shirika nchini Marekani, Humanitarian OpenStreetMap Team, ambalo wengi hulifupisha HOT. Waliona kwamba msiba mwingine utakuja, na si vema kila mara kuanza kutafutana.

Lakini picha ya angani haisemi kila kitu. Inaonyesha paa, haionyeshi kama chini ya paa kuna shule, zahanati au kilabu cha pombe. Hilo hulijua anayeishi pale.

Hayo yalionekana Kibera, Nairobi. Mtaa ule mkubwa ulikuwa kama doa tupu katika ramani zilizokuwa wazi kwa umma. Mwishoni mwa mwaka 2009 vijana 13 wa Kibera, wakifundishwa na wageni wawili, Mikel Maron na Erica Hagen, walizunguka vijiji vyote vya mtaa wao wakiandika mabomba, vyoo, shule, zahanati na njia. Ilikusudiwa kuwa kazi ya wiki chache. Ilipokwisha, vijana wakauliza: sasa je? Nani ataisahihisha choo kikibomolewa? Kutoka katika swali hilo kikazaliwa Map Kibera Trust, shirika la Kenya lenye wenyeji ndani yake. Baadaye kazi ikafika Mathare na Mukuru.

Mwaka 2011 ujuzi huo ukavuka mpaka hadi Tandale, Dar es Salaam, ambako wanafunzi wa Chuo Kikuu Ardhi walichora mtaa pamoja na wakazi. Mwezi wa Desemba mwaka huo mafuriko makubwa yaliua makumi ya watu Dar es Salaam. Kwa hiyo mwezi wa Machi 2015 kazi ikapanuliwa, ikaitwa Ramani Huria. Wanafunzi wa Ardhi na wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, Msalaba Mwekundu, Benki ya Dunia, HOT na Tume ya Sayansi na Teknolojia, COSTECH, wote walishiriki.

Namna yao ya kufanya kazi inatufaa sana. Mwanafunzi hakuingia mtaani peke yake. Alifuatana na mtu wa serikali ya mtaa, maana huyo ndiye ajuaye mpaka unapita kwenye mwembe upi. Waliwauliza wakazi: maji yalifika wapi? Mama akaonyesha ukutani, hapa kiunoni. Wakaandika. Wakapima mitaro, upana na kina. Hata mipaka ya mashina, ambayo ilikuwa vichwani mwa wajumbe tu, ikawekwa katika ramani. Hapa Bujumbura tungesema: wakamwuliza nyumbakumi.

Na fedha za miradi zina mwisho. Vijana wa Tanzania waliokomaa katika kazi hiyo waliunda shirika lao wenyewe, OpenMap Development Tanzania, likaandikishwa kama shirika lisilo la kiserikali. Ujuzi uliokuja na wageni ukabaki na wenyeji, pamoja na anwani, mhuri na kitabu cha hesabu.

MAJI YA BUJUMBURA

Turudi sasa Bujumbura. Usiku wa tarehe 9 kuamkia 10 Februari 2014 mvua kubwa ilishuka kutoka milimani. Kamenge, Kinama na Gatunguru zilipigwa vibaya. Watu zaidi ya 60 walikufa, maelfu wakabaki bila nyumba. Mwezi wa Aprili 2020 Rusizi yenyewe ikafurika Gatumba, na makumi ya maelfu ya watu wakahama.

Kila mara swali la kwanza ni lile lile: pale palikuwa na nyumba ngapi, na njia ipi bado inapitika? Picha ya angani inaweza kuonyesha paa zilizobaki. Lakini jina la njia, jina la daraja, mahali maji yalipopita miaka iliyotangulia, hayo yamo vichwani mwa wakazi. Mkazi akihama, yanahama naye.

Tena majina yenyewe hayatulii. Mwaka 2014 komini 13 za Bujumbura ziliunganishwa zikawa tatu: Mukaza, Muha na Ntahangwa. Halafu kwa mageuzi yaliyoanza kutumika mwaka 2025, mikoa 18 ya Burundi ikawa mitano, na komini 119 zikawa 42. Ramani iliyochorwa na watu hodari mwaka 2013, ikikosa mtunzaji, leo inampoteza msomaji. Kuchora ni kazi ya mwezi mmoja. Kutunza ni kazi ya maisha, na hapo ndipo kundi la marafiki hushindwa.

KARATASI ZINALETA NINI?

Nchini Burundi vyama visivyo vya faida viliongozwa kwa miaka mingi na amri ya kisheria ya tarehe 18 Aprili 1992. Badala yake ikaja sheria namba 1/02 ya tarehe 27 Januari 2017. Kwa lugha nyepesi, kikundi kinapaswa kuwa na katiba, mkutano mkuu wa wanachama, viongozi waliochaguliwa na kumbukumbu za mkutano wa kuanzisha, kisha kipeleke maombi serikalini ili kitambuliwe. Kikitambuliwa, kinahesabiwa kuwa mtu mbele ya sheria. Mtu huyo hapandi gari la kwenda nchi ya tatu. Hafi. Anaweza kumiliki kompyuta, kufungua akaunti benki, na kuandikiana barua na IGEBU au na komini.

Wengine husema: sisi wakimbizi haturuhusiwi. Tusome vizuri. Mkataba wa Geneva wa mwaka 1951, ambao Burundi iliuridhia mwaka 1963, katika kifungu chake cha 15, unasema kwamba kuhusu vyama visivyo vya kisiasa wala vya faida, mkimbizi anayekaa kihalali apewe nafasi iliyo bora kuliko zote wanazopewa wageni wa nchi nyingine. Burundi nayo ina sheria yake ya hifadhi ya mwaka 2008. Kwa hiyo mlango upo. Hapana budi kuubisha kwa adabu, kupitia ONPRA na HCR, na kwa kushirikiana na wenyeji, maana maji ya mvua hayaulizi kadi ya mtu.

Walakini tusidanganyane. Karatasi pia huleta maradhi. La kwanza ni ukubwa: jana wote walikuwa wanashika kamba, leo mmoja ni rais, mwingine makamu, na wa kushika kamba hapatikani. La pili ni posho. Mfadhili akija na posho ya siku, aliyejitolea jana anajiona mjinga. Akiondoka mfadhili, hata ikibiri ya kale imekufa. Mwaka 2025 serikali ya Marekani iliifunga USAID, iliyokuwa mmoja wa wafadhili wakuu wa YouthMappers, mtandao wa vikundi vya wanafunzi wachora ramani ulioanzishwa mwaka 2015. Sisi kambini hatuhitaji kufundishwa maana ya msaada kukatwa. Sufuria zetu zimekwisha tufundisha. Shirika lenye mfadhili mmoja ni nyumba yenye nguzo moja.

La tatu ndilo kubwa. Ramani inaweza kuua. Usiku wa tarehe 13 Agosti 2004, pale Gatumba, wakimbizi zaidi ya 150 wenzetu waliuawa katika kambi yao. Wauaji walijua nani analala upande gani. Tangu usiku ule, kila mmoja wetu ana haki ya kuuliza anapoona kijana na daftari: unaandika nini, na nani atasoma? Ramani ya bomba la maji ni msaada. Orodha ya nani analala wapi na ni wa kabila gani ni silaha. Wachoraji wa OpenStreetMap wana desturi ya kutoandika majina ya watu wanaoishi ndani ya nyumba. Desturi hiyo kwetu iwe sheria, tena kifungu cha kwanza cha katiba.

LA KUFANYA

Sipendekezi tukimbilie mhuri. Historia niliyoisimulia inaonyesha mpango mwingine: kazi kwanza, karatasi baadaye. Map Kibera walichora kabla ya kuandikisha. Haiti ilichorwa kabla ya HOT kuwa shirika. Katiba isiyo na kazi nyuma yake ni ngoma isiyo na mchezaji.

Basi naiomba Kamati mambo manne. Kwanza, ramani mpya ya mitaa yetu, ambayo vijana wa kike na wa kiume wameanza kuichora, iwe na nakala tatu: moja kwa Kamati, moja shuleni, moja kwa mwenyeji wetu wa komini. Pili, pawe na daftari la ramani, na kila badiliko liandikwe kwa tarehe: bomba limeharibika, mtaro umezibuliwa. Tatu, kila mwenye kazi awe na mwanafunzi wake anayejifunza, ili jina lake likitoka katika orodha, au amani ikirudi kwetu naye akarudi nyumbani, aondoke bila kuvunja kitu. Nne, mambo hayo matatu yakidumu mwaka mzima, ndipo tukae pamoja na wenyeji tuandike katiba fupi, inayosema ramani ni ya wote, na kwamba majina na makabila hayataandikwa kamwe.

Wengine wataniambia: mzee, kwa nini kujenga shirika mahali ambapo sote tunaomba kuondoka? Jibu langu ni hilo hilo la kuondoka kwetu. Mwenye shamba la baba yake hana haja ya katiba. Mtoto wake atajua kisima kilipo. Sisi tunaopita ndio tunaohitaji kuandika, kwa maana atakayelala katika hema langu kesho hatanijua mimi, wala mimi sitamjua yeye. Akifika usiku, amebeba mtoto mwenye kiu, nataka akute ukutani karatasi inayomwonyesha bomba lilipo.

Kijana yule aliyeondoka na ramani yetu hakutenda kosa. Kosa lilikuwa letu, tulioiacha chini ya godoro la mtu mmoja.

 

Mjumbe wa Kamati